Baraka Kwenye Foleni ya Kambi

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya Kajiado, tukiomba nafasi za biashara ndani ya kambi ya jeshi iliyofungwa baada ya wanajeshi kuhama. Mbele yangu, mzee mfugaji aliegemeza fimbo yake dirishani.

"Mimi sitaki duka," alimwambia karani. "Nataka ng'ombe wangu wafike kwa lile bwawa liko ndani."

"Mzee, hii fomu haina mahali pa ng'ombe."

Foleni ikacheka. Nami nilicheka.

"Wanajeshi walikuwa na bunduki," mzee akasema polepole, "na kila kiangazi walinifungulia geti."

Akanigeukia. "Na wewe, mtoto wangu, unaomba nini?"

"Kaduka tu, mzee."

Akanishika mkono, akatema mate kidogo kiganjani mwangu, vile wazee wa Kimaasai hubariki, akaniombea biashara ikue. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda.

Miaka mingi sisi raia tulidai kambi irudishwe kwa wananchi. Sasa imerudi. Kwa mkono uleule uliobarikiwa nikampa karani fomu yangu: si ya kaduka, bali nafasi ya kuosha magari, kando ya bwawa lilelile.