Jagi Nililolimaliza kwa Pumzi Moja

Nikiikumbuka siku moja ya machimboni Geita, mwanangu, mpaka leo misuli ya mapaja inashtuka. Nilikuwa na nguvu za trekta na akili za tela lake. Tangu asubuhi mimi na Mzee Masanja, mtu wa Kolandoto, mwembamba kama mpini wa jembe, tulikuwa tukizungusha winchi ya mkono kupandisha viroba vya mawe kutoka shimoni. Jua la siku ile, nakuapia, lingekaanga yai juu ya kofia.

Pale kwetu kulikuwa na mtindo: ukifika muda wa kupumzika, unashika jagi la lita mbili, unalimaliza bila kulishusha, wenzako wanahesabu na kupiga makofi. Nikalimaliza. Nikaongeza la pili! Wakanishangilia kama nimechaguliwa mbunge. Mzee Masanja alikaa pembeni na maji mengi kama yangu, ila yeye na kikombe cha bati: funda moja, anatulia, funda jingine.

"Mzee, unakunywa au unaonja mboga?" nikamtania.

"Nayapa nafasi yaingie, ng'wanawane," akajibu, akiniita mwanawe kwa Kisukuma, wala hakuinua macho.

Saa haikuisha nikaanza safari za kichakani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ungedhani nimepasua bwawa. Kiu ikarudi, na bado tulikuwa na kazi ya kumpandisha Kulwa, rafiki yangu, aliyekuwa chini kabisa, ambako mtu anaonekana kama sisimizi mwenye tochi.

Tulipomfikisha katikati, paja langu likakaza kama jiwe. Mkono ukaachia mpini. Winchi ikarudi nyuma mzunguko mzima, na kutoka shimoni nikamsikia Kulwa akimwita mama yake.

Mzee Masanja akaidaka. Peke yake, mwanangu! Akaegemeza kifua kwenye mpini, mishipa ya shingo imesimama, akazungusha taratibu mpaka kofia ya Kulwa ikatokeza. Mimi nagaagaa chini, namtazama mzee yule kama mtu anayeuona mlima ukitembea.

"Wabeja, Mzee," Kulwa akashukuru, meno yakigongana. Kisha akanigeukia. "Na wewe bingwa wa majagi, leo ungenizika kwa sababu ya mkojo!"

Miaka baadaye nilijiunga na masomo ya jioni katika shule ya Kalangalala, mtu mzima nimebanana kwenye dawati la mtoto. Siku mwalimu alipofundisha figo, nilishika kiuno kwa mshangao. Vitu viwili kama ngumi, havijakanyaga hata darasa la kwanza, lakini vinajua kupima! Maji yakimiminwa kwa mpigo mmoja, mwili unadhani yamezidi, unayafungulia njia. Yakija kidogo kidogo, mengi zaidi unayatunza. Nilitamani kuzipigia saluti.

Basi nisikilize. Ukitoka kwenye jembe, mpira au baiskeli, usishindane na jagi. Kunywa mafunda machache, tulia, rudia, endelea hivyo kwa saa moja au mbili, na ule kitu chenye chumvi kidogo, kurudisha ile iliyotoka na jasho. Usinywe ili utazamwe. Kunywa ukijua kuna mtu anautegemea mwili wako. Mungu akulinde wewe na wale uliowashikia kamba, na kila utakayempandisha afike juu salama.