Kamba Zilizolegea Njiani

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimekaa nyuma ya usukani najiona mfalme. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa natoka kaskazini na mbao mbichi juu ya lori la wazi, lile lisilo na kuta wala paa, nazipeleka kwenye duka la bosi wangu pale Kawale, Lilongwe. Kwetu Kongo vita vilikuwa havijaisha, na hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, watu wapya walizidi kufika.

Jana uliniuliza kwa nini madereva huanza na lori la wazi kisha wakaliacha, wakahamia lori la bati lililofungwa pande zote au tangi la mafuta. Najua unauliza kwa sababu umepata kazi, na lori lenyewe ni la wazi. Wenzangu watakujibu vizuri tu. Mmoja atakwambia mgongo umekwisha kwa kukunja turubai lililolowa mvua. Mwingine atakuonyesha mkono aliouvunja alipoteleza juu ya mzigo. Wote wanasema kweli. Sababu yangu mimi ni nyingine, na inanitia aibu mpaka leo. Isikie kabla hujachukua funguo.

Vita vilipotufukuza Uvira, dereva nisiyemjua alinipandisha juu ya magunia ya mihogo, hakuniuliza jina wala kabila. Ndiyo maana nilipopata lori langu la kuendesha, sikuweza kuwapita watu barabarani. Pale njia panda ya kwenda kambini, kila Ijumaa walinisubiri akina mama wenye vikapu na vitenge, wanataka kuwahi soko la Lilongwe. Nilisimama, wakapanda juu ya mzigo, wakaimba nyimbo za kanisani mpaka mjini. Waliniita Baba wa Bantu, yaani baba wa watu. Kijana wa miaka ishirini na saba, hebu fikiria! Jina lilinipanda kichwani.

Sasa sikiliza habari ya mbao mbichi. Unazifunga asubuhi, kamba zimekaza hata kidole hakipiti. Jua likizipiga zinakauka, zinasinyaa, na kamba zinabaki zimelegea. Kila dereva wa mbao anajua kwamba ukienda mwendo fulani lazima usimame, ushuke, uzunguke lori na kukaza upya. Mimi nilijua. Nilifundishwa, na nilikuwa fundi wa mafundo.

Lakini siku ile nilikuwa na watu kumi na mmoja juu. Nikisimama kukaza, wote washuke, vikapu vyote vishuke, kisha wapande tena. Kwenye kioo niliona kamba moja inacheza. Nikapunguza mwendo. Mtu akagonga paa la kabini, akapaza sauti, "Shofere, twende! Soko itafungwa!" Wengine wakacheka. Nikaona haya kuwachelewesha watu wangu. Nikakanyaga mafuta.

Kwenye mteremko mbao za juu zikahama. Sitakueleza kelele zile. Watu walirukia nyasini, wakachubuka, wakainuka. Mama Zawadi hakuinuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa katikati ya mbao.

Habari za mama huyu umezisikia, ingawa hukumkuta. Alikuwa mjane wa kutoka Fizi, umri wa mama yangu, fundi wa kushona. Sare za kwaya zote hapa kambini zilipita mikononi mwake, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Mguu ule ndio uliolisha wajukuu wanne.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Siku ya tatu nilijikaza nikaenda, nimebeba nsima, ugali wa hapa Malawi, na maharage kwenye bakuli. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya kuomba radhi. Hakuyangoja.

"Baba Amani," aliniambia, akiniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, "ulijua kamba imelegea?"

"Nilijua, mama."

"Sasa juu ya nini haukusimama?"

"Mulikuwa na haraka, mama. Mulisema soko itafungwa."

Alinitazama sana. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Sisi njo tulikuwa na haraka," alisema. "We ulikuwa shofere."

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa nje nikalia kama mtoto, kabaza, wale wabeba abiria kwa baiskeli, wananipita wakinishangaa.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Kawale nikamwambia bosi sitagusa tena lori la wazi. Alikuwa na lori moja kuukuu la bati, la kubebea unga, bovu, linapanda mlima kwa kunung'unika. Alikataa. Nilisimama mlangoni pa duka lake siku tatu mpaka akanipa. Madereva wenzangu walinicheka, wakasema nimejificha ndani ya sanduku. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimejijua: mbele ya watu wanaonipenda sikuwa na ubavu wa kusema hapana, basi nikachagua lori lisilo na mahali pa kupanda.

Lakini usidhani bati liliniponya. Ijumaa ya kwanza watu walikimbilia mlango wa nyuma, wakaniomba niwafungie ndani na unga. Mle hakuna hewa, mwanangu. Nikasema hapana. Mmoja akanitukana, akauliza kama nimesahau nilivyofika hapa. Niliumia, na nikasema hapana tena.

Kando yangu kabini kulikuwa na kiti kimoja. Mama Zawadi alipopata gongo la kutembelea na cherehani ya mkono, nilimwomba akae pale kila Ijumaa. Safari ya kwanza, kabla ya mteremko ule, nilisimamisha lori. Halikuwa na kamba hata moja. Nikashuka, nikalizunguka, nikagusa kila tairi na kila komeo. Niliporudi nikamkuta amefumba macho.

"Soko itafungwa, mama," nikamwambia.

"Acha ifungwe," akasema. "Zunguka tena."

Nikazunguka tena.

Kwa hiyo sikukatazi lori la wazi. Lichukue, kazi ni kazi. Ila ukiona kamba inacheza, simama, hata kama juu kuna mama yako mzazi anagonga paa. Haraka ni yao, usukani ni wako. Na siku ukijiona huwezi kusimama, badilisha lori kabla mtu hajalipa kwa mwili wake, wala usimwonee haya anayekucheka.

Nenda sasa. Mungu akulainishie njia, akupe breki nzima na mdomo wa kusema hapana. Na kila utakayempandisha, akujalie umwone akishuka kwa miguu yake yote miwili.