Cherehani Iliyogeuka Nguruwe

Mwaka ambao benki za Bukavu zilifunga milango, kila nyumba ya mtaa wetu iligeuka benki. Mimi napenda kuuliza, basi nilizunguka kwa majirani nikiwauliza wameficha wapi akiba yao. Fundi wa viatu alikuwa akilala juu ya manjanja, yale mabati ya kuezekea. Kila akipata kidogo alinunua bati moja na kulisukuma chini ya kitanda. Mwenye duka la pembeni alikuwa amejaza mchele wa Sange sebuleni, wageni wake wakikaa juu ya magunia. Mimi niliweka dola zetu chache katika kopo la maziwa ya unga, nikajiona mtu mwenye mpango.

Mke wangu, mshonaji, alilitazama kopo lile akacheka.

"Papa, hiyo franga iko nazala?"

"Hapana, pesa haizai. Iko nakaa tu."

"Basi ikae. Miye nitauzisha mashini ya kushona."

Nilidhani ni mzaha. Lakini alikuwa ameshafikiri: watu wameacha kushonesha nguo, ila Noeli ikifika hakuna atakayeacha nyama. Alipatana na mshonaji mwenzake wa Kadutu. Cherehani itakwenda kwake kwa fedha taslimu; fedha zikirudi kabla ya Noeli, nayo irudi. Noeli ikipita, imekwenda moja kwa moja. Kwa fedha hizo akanunua nguruwe mwenye mimba.

"Na ikikufa?" nilimwuliza.

"Basi njo nitashona na mukono."

Nguruwe alitunzwa na mama mkwe wangu kule Mumosho. Desturi ya huko ni kwamba mtunzaji huchagua mtoto mmoja katika kila uzao awe malipo yake, tena yeye ndiye huanza kuchagua, na hakuna wa kumbishia.

Siku moja asubuhi simu ililia. Mama mkwe alikuwa akipiga kelele kama vile hana imani na mtandao.

"Mukuye mbiyo! Iko natandika majani!"

Nguruwe anayetandika majani yuko karibu kuzaa. Tulipanda pikipiki moja, mke wangu katikati, amekumbatia mfuko wa vipande vya vitambaa vilivyobaki katika kazi yake. Sikuuliza ni vya nini. Nilikuwa nimeshikilia roho yangu kwenye kila kona.

Tulifika mvua ikianza. Wa kwanza alitoka, akafuata wa pili, na mke wangu akawa anampokea kila mmoja, anamkausha na kumfunga kipande cha kitenge kiunoni asipate baridi. Muda si mrefu kibanda kilijaa vitoto vya rangi ya waridi vilivyovaa maua, ndege na samaki wa kila rangi, vikisukumana kwenye matiti. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

"Mukwe, weye uko nacheka, ao uko nasaidia?" mama mkwe alinifokea. "Shika taa ya simu hapa!"

Wa mwisho alikuwa mdogo kama kiatu cha mtoto, hakutikisika. Mke wangu alimsugua, akamsugua tena. Kisha tukasikia mlio mwembamba, na sote watatu tukapiga kelele kuushinda.

Watoto hao walipoacha kunyonya, mchuuzi wa nguruwe alikuja kutoka mjini. Aliwatazama, akataja bei nzuri. Lakini alinyoosha kidole kwa jike moja nene kati yao.

"Bila huyu, bei inashuka."

Mke wangu alinitazama. Bila jike lile, fedha za cherehani hazitoshi, na Noeli ilikuwa inagonga mlango. Na mchaguzi wa kwanza alikuwa mama yake.

Mama mkwe aliingia kibandani akazunguka taratibu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Alimpapasa jike nene mgongoni. Kisha akainama kando, akanyanyua yule mdogo wa mwisho.

"Huyu."

"Mama, huyu?" mke wangu alisema. "Si yeye njo mudogo?"

"Muone tumbo yake. Iko nakula kuliko bote. Miye nachagula tumbo, sichagule mugongo." Akamgeukia mchuuzi. "Na weye, lipa. Usitoe dola ya kupasuka, niko na macho."

Mchuuzi alilipa huku mama mkwe akiinua kila noti juani kutafuta mpasuko, maana kwetu dola iliyopasuka haipokelewi popote.

Siku mbili kabla ya Noeli, cherehani ilipanda kilima chetu juu ya kichwa cha mbebaji. Mke wangu alitembea nyuma yake akiimba, mkono hewani, tayari kuidaka. Kitu cha kwanza alichoshona hakikuwa cha mteja. Kilikuwa mfuko mpana wa turubai wa kubebea machicha ya kiwanda cha bia, chakula cha nguruwe, kwa ajili ya Mumosho.

Niliufungua mlango wa kabati, nikashusha kopo la maziwa.

"Jike lingine ni bei gani sasa?" nikamwuliza.

Hakusimamisha mguu kwenye kanyagio. "Kwanza hesabu franga yako, papa. Alafu tutasemezana."