Neno Nililomchagulia Mama

Mwalimu wetu wa Kiingereza, darasa la saba, alichora ubaoni ngazi ya maneno ya mara ngapi jambo hutokea. Juu kabisa akaandika 'always', yaani daima, chini yake 'usually', halafu 'often', 'sometimes', 'seldom', na chini kabisa 'never', yaani kamwe. Juu nilikujua na chini nilikujua. Katikati ndiko nilikokuwa napigwa. Ati 'usually' na 'often' si kitu kimoja! Nilipouliza, mwalimu akasema tofauti ni ndogo, kisha akanichapa kwa kukosea hiyo ndogo. Nilimnunia mwezi mzima.

Ilikuwa miaka ya themanini na tulikaa nje ya Kitale. Baba alikuwa na kazi kiwandani Bungoma, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mama ndiye aliyelima, na tangu tuvune mahindi tumbo lilikuwa linamkata. Ungemwona anaacha jembe, anachuchumaa mpaka maumivu yapite, anaendelea. Ukimuuliza anakwambia, "Ah, kidogo tu." Kwetu hata aliyevunjika mguu husema kidogo tu.

Siku moja baba yake baba, ambaye tulimwita kuka, alikuja kututembelea kutoka Bokoli. Alimkuta mama amekaa chini mlangoni mwa jikoni, hawezi kuinuka. Hakumgusa. Kwetu mzee na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao kamwe. Alisimama mbali akaniambia mimi, "Mwambie mama yako avae viatu, tunaenda hospitali." Mama alikuwa hatua tano tu, anasikia vizuri, lakini ilibidi niyarudie maneno hayo.

Muuguzi aliyezoea kutafsiri pale hospitali alikuwa ameenda matangani Kapsokwony. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mgeni, Kiswahili chake kimeishia kwenye 'jambo'. Akauliza nani anajua Kiingereza. Kuka akanisukuma mbele. "Huyu! Huyu anasoma!" Basi yule daktari, kwa ukarimu wake, akamwingiza kuka pia, akamwekea kiti ubavuni mwa mama. Jamani! Magoti yao yalikuwa karibu kugusana. Kuka aligeukia ukuta akaanza kusoma kalenda, na mama akajifunika leso mpaka chini ya macho.

Daktari akauliza maumivu huja mara ngapi. Nikamuuliza mama.

"Mara moja moja," alisema, kama anayeomba radhi. "Kidogo tu."

Hilo nililijua. Ni 'sometimes', na lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu, na mbele yake palikuwa na mkebe mkubwa wa vidonge vyeupe, vilevile ambavyo kila aliyetoka mle alikuwa navyo kwenye bahasha. Nikilisema, tunapewa vidonge, tunarudi, na mama anafia shambani. Sikuwa na shaka hata chembe. Lakini nikisema jingine, si nimemdanganya daktari na kumsingizia mama? Na niseme lipi? Nikaanza kuhesabu. Jumatatu alishindwa kubeba maji. Jumanne hakula. Jumatano nilikuwa shuleni, sijui. Hiyo Jumatano ndiyo iliyonitesa! Kwa sababu yake labda nilipaswa kusema 'usually'. Au 'often'? Mungu wangu, fimbo zote zile na bado sikujua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Always," nikasema. Nililisema kwa sauti kubwa mno, hata kuka akaiacha kalenda.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama mama ndivyo alivyosema, nikajibu ndivyo. Halafu akauliza kama anatokwa na damu. Ningemuulizaje mama jambo hilo, mkwe wake amekaa pale? Sikumuuliza. Nilikuwa nimeona vitambaa alivyokuwa anaanika nyuma ya jiko, kila siku vingine, kwa hiyo nilijibu mwenyewe kuwa ndiyo. Mama hakujua Kiingereza hata neno moja. Alinitazama tu juu ya ile leso, anatafuta usoni mwangu ninasema nini, nami nikamkwepa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwalimu yeyote.

Vidonge hakupewa. Walimlaza na kumpasua siku hiyohiyo, wakatoa uvimbe. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba wiki moja zaidi na tungekuwa tunachimba kaburi. Nikakaa sakafuni.

Kesho yake nilimkuta mama ameamka, midomo imemkauka. Hakuuliza kilichotolewa tumboni. Aliuliza, "Kuka alisikia nini?"

"Hakusikia kitu, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Akafumba macho, uso ukamlegea.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kuka na mimi. Njiani akaniuliza, "Mjukuu wangu, lile neno ulilopigia kelele kwa daktari, olwesi, maana yake nini?"

Nilikuwa nimechoka kuchagua maneno. Lakini nilimkumbuka mama na leso yake.

"Ni kidogo tu, kuka."

"Kidogo tu," alisema. "Na wamempasua tumbo?"

"Ndiyo, kuka."

Mbele kidogo alisimama kando ya njia akanipa mgongo, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.