Sabuni ya Mama Fulani Kwenye Intaneti

Miaka ya mwisho ya vita nilikuwa na kazi ambayo mama yangu mdogo hakuielewa hata kidogo, wala sikumlaumu. Duka letu halikuwa na mlango. Lilikuwa kwenye intaneti: watu wetu waliokimbilia ng'ambo walilipa huko, sisi tukawafikishia jamaa zao waliobaki Rumonge mawese, ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, na sabuni. Mimi, nikiwa Bujumbura, niliandika kurasa kwa Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, nikichagua maneno ambayo mtu akiyatafuta mtandaoni, duka letu litokee juu kwenye matokeo.

Mama mdogo alitupikia sabuni ya mawese huko Kizuka, karibu na Rumonge. Siku moja barabara ilipotulia nilishuka kumweleza mambo hayo. Aliendelea kukoroga sufuria lake, kisha akaniambia niandike "Sabuni ya Mama Fulani". Neno Fulani nimeliweka mimi hapa badala ya jina la mwanawe wa kwanza. Kwetu sokoni mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na bidhaa yake hivyo hivyo. Huyo mwana alivuka ziwa vita vilipoanza, na hatukupata habari zake tena.

"Mama, hakuna mutu atatafuta sabuni na jina ile," nikamwambia.

"Weka tu. Soko yote inanijua namna ile."

"Ulaya hakuna soko yetu."

"Basi sabuni yangu haiendi."

Nilikasirika. Neno lisilotafutwa na mtu linakalia bure nafasi ya neno lenye faida. Lakini sabuni yake ilipendwa, kwa hiyo nikaliweka jina lile juu kabisa, kwa lugha zote tatu, pamoja na Rumonge. Ukurasa ukaporomoka, kama nilivyojua. Nilijifanya sijali.

Baada ya miezi mingi iliingia oda kutoka nchi ambayo hatukuwa na mteja hata mmoja. Kipande kimoja cha sabuni. Penye jina la mpokeaji pameandikwa: mama aliyeipika, kama bado yuko. Niliangalia jina la mlipaji, nikalisoma tena.

Nilishuka Kizuka na kile kipande. Mama mdogo alikigeuza, akaitambua kazi ya mikono yake, uso ukamkunjamana.

"Nani amerudisha sabuni yangu?"

Nikamtajia jina lile, bila Mama mbele yake.