Mbuzi Aliyekula Gasketi

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi, na kabla hajafungua boneti ikanifikia ile harufu: grisi, petroli, na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa jirani, amefungwa uani akitafuna zake. Nikacheka peke yangu mpaka fundi akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa kabisa, nikamwambia. Yeye sikumweleza, lakini nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Tulikaa Tawa, upande wa Makueni, ambako Baba alikuwa na pikapu ya kubebea machungwa na maembe. Kwao Mama ni Kitui, mbele ya mji, ukishapita lile jabali la Nzambani. Walikuwa wameoana kwa mapenzi na kwa haraka, mambo ya mila yakaachiwa kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, nikazaliwa mimi, na mbuzi wa ntheo bado hawajatoka zizini. Kwetu Wakamba, hao mbuzi watatu ndio ndoa yenyewe. Picha za kanisani ni mapambo. Mwanamke ambaye hajatolewa ntheo akifa, mwili unarudishwa kuzikwa kwa baba yake, na watoto wake wanahesabiwa ni wa huko.

Sasa, Mama alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alikuwa amesema atapasuliwa Jumatatu. Ijumaa, akichambua ndengu, akamwambia Baba kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sipandi kile kitanda nikiwa bado msichana wa watu." Baba hakubisha. Jumamosi asubuhi mbuzi watatu walikuwa nyuma ya pikapu, wawili majike na beberu mmoja mwenye macho ya dharau. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuwa ametangulia kuwakalisha wazee. Tulitakiwa kufika kabla jua halijazama, maana Babu, yaani baba yake Mama, alishasema hapokei mbuzi gizani, yeye si mwizi.

Mimi habari za uvimbe sikuzijua. Nilijua mbuzi, na nilijua Nzambani, maana niliahidiwa tutasimama hapo. Watu husema ukilizunguka jabali lile mara saba, msichana anageuka mvulana. Nilikuwa nimepanga kulizunguka mara sita tu, nione kama ndevu zitaanza.

Tulipopita Kwa Vonza mshale wa joto ukaanza kupanda. Baba akajifanya haoni. Mama akajifanya haoni kwamba Baba anajifanya. Tukaingia mji wa Kitui tukifuka mvuke, na gari likazima lenyewe kando ya barabara.

Kutafuta fundi ugenini ni kazi, na Mama, ingawa ni kwao, hakuwahi kuwa na gari la kutengenezwa huko. Vijana wa bodaboda walitujia mbio, kila mmoja ana fundi wake, na kila fundi wa mwenzake ni mwizi. Baba alikuwa karibu kuchanganyikiwa. Mama ndiye aliyevuka barabara akamwuliza mwanamke wa kuuza chai, "Dada, gari ya mzee wako ikiharibika mnapeleka kwa nani?" Yule akajibu bila kufikiri, "Kwa Kimanzi, hapo nyuma ya posho mill." Basi tukasukumwa mpaka nyuma ya hicho kinu cha unga, kwa Kimanzi.

Kimanzi alikuwa mtu mnene wa kucheka, amevaa kofia ya sufu katika jua lile. Akainama, akapapasa, akainuka. "Mzee, pampu ya maji imeaga dunia." Mama akageuza uso haraka. Nilidhani ni mvuke umemwingia machoni.

Bahati ilikuwa na sisi, maana nyuma ya gereji palikuwa na mzoga wa pikapu kama yetu, na pampu yake bado nzima. Ikabaki gasketi tu, ile karatasi ya kuzuia maji yasivuje pale pampu inaposhika injini. Kimanzi akatandika kipande chake cha mwisho juu ya pampu, akakigongagonga pembezoni kwa nyundo ndogo, tak, tak, tak, mpaka kikatoka na matundu yote mahali pake. Nilikodoa macho. Akakiweka juu ya tairi, akaenda kutafuta bolti.

Beberu alikuwa amefungwa karibu na tairi.

"Aiya!" Kimanzi alipiga kelele. "Mbuzi amekula gasketi!" Alipomfikia, kilichobaki ni kipande kidogo kikining'inia mdomoni, nacho kikamezwa mbele yetu. Baba akakaa chini, akashika kichwa. Duka la spea la karibu lilikuwa limefungwa, mwenyewe ni Msabato na ile ni Jumamosi. Kimanzi, aliyeshasikia nikiitwa Mwende, akafuta jasho, akamwambia Mama, "Mama Mwende, hawa wageni wako hebu watembeze mjini. Wakikaa hapa watamaliza mpaka bolti."

Ndivyo nilivyotalii Kitui kwa mara ya kwanza, nikiburutwa na mbuzi. Mama alishika kamba mbili, mimi nikashika ya beberu, au yeye alinishika mimi. Tukashuka mpaka soko la Kalundu, penye harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi na kamba mpya za mkonge. Watu walitucheka wazi wazi. Mzee mmoja alitaka kujua kama tunauza au tunafanya maandamano.

Mama hakuwa na haraka hata kidogo, na hilo lilinikera. Alisimama kila mahali akinisimulia. Hapa nilinunua kiatu changu cha kwanza cha kisigino, kikavunjika nikiwa bado mlangoni. Pale kwenye ukuta wa kanisa kwaya yetu ilikuwa ikifanyia mazoezi, na sauti ya kwanza nilikuwa mimi. Pale kwenye kona baba yako alinimwagia soda, akasema ni bahati mbaya, na mpaka leo anasema ni bahati mbaya. Akanipeleka kwa mwanamke mmoja wa kusuka vyondo. "Huyu tulisoma naye. Anaitwa Syombua. Msalimie. Sasa sema jina lake." Nikasema. "Sema tena." Nikasema tena, nimenuna. Mara kwa mara aliketi kwenye jiwe, mkono tumboni, nami nikadhani ana njaa.

"Mama, hapa hakuna kitu cha kuona," nililalamika. "Mimi nataka Nzambani."

"Tembea tu," akasema. "Kuona kutakuja."

Tuliporudi gereji, jua lilikuwa limeegemea magharibi na Baba alikuwa kwenye simu na Baba Mkubwa. "Tuko karibu! Jabali hili hapa tunaliona!" alisema, pampu ikiwa bado iko chini miguuni pake. Kimanzi alikuwa amejaribu katoni ya sabuni, imekuwa nene mno. Ndipo Mama akachungulia ndani ya gari, akatoa shati jipya la Baba la kuvaa ukweni, likiwa bado kwenye nailoni. Akaipasua nailoni, akachomoa kile kikaratasi kigumu cha mgongoni. "Hiki je?"

Kimanzi akakikunja, akakinusa, akaanza kucheka. "Mzee, shati yako imekuja na spea!" Tak, tak, tak. Akakipaka gundi na grisi, akafunga, akajaza maji. Injini iliponguruma, bila tone kudondoka, Baba, aliyekwisha kulivaa shati lake jipya, alimkumbatia fundi.

Nzambani tuliipita mbio. Nililia mpaka kwa Babu.

Jua lilikuwa linagusa vilima tulipoingia. Wazee walikuwa wameketi, wamechoka. Babu akawatazama mbuzi, akamtazama Baba, akaona alama nyeusi za vidole vya grisi kwenye kola. "Huyu mkwe amehangaika," akasema, na wazee wakacheka kidogo. Kisha akamgeukia Mama kwa lile swali la mila, ambalo jibu lake ndilo linalofunga ndoa. "Mwanangu, hawa mbuzi tuwale, ama tuwarudishe?"

"Waleni, Baba," Mama akasema. Nyanya akapiga vigelegele. Baba akashusha pumzi ndefu kama gurudumu lililotolewa upepo, na Mama akaegemea ukuta akilia na kucheka pamoja.

Jumatatu akapasuliwa. Alipozinduka, neno lake la kwanza, Mungu ni shahidi, lilikuwa kuuliza kama beberu alipochinjwa gasketi ilionekana.

Nilikuwa mtu mzima, na mama wa watoto wangu, siku nilipoyaunganisha yote haya. Nikampigia simu papo hapo. Nikamwuliza, ile siku ya Kalundu, ile kwaya, kile kiatu, yule Syombua, ulikuwa unaniaga?

Akasema, "Nilikuwa nakuonyesha mahali pa kuulizia habari zangu."

Yeye akanisikiliza nikivuta kamasi, mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Sasa unalia nini, Mwende? Uliza mimi. Si niko hapa?"