Mwimbaji wa Mbele wa Makeke Boiz

Dalmas ni fundi wa mapazia, na hakuna nyumba ya Lavington wala Muthangari aliyoingia na ngazi yake asiache hadithi ile ile: eti utotoni alikuwa mwimbaji wa mbele katika "Makeke Boiz", kipindi cha watoto cha vichekesho kuhusu bendi ya wavulana wasiojua kuimba. Kuwemo alikuwemo, hapo tusimdhulumu. Kuimba ndiko hakuimba. Lakini nani angemuumbua? Kituo cha TV kilirekodi mpira juu ya kanda zote, na mtandaoni umebaki wimbo wa mwanzo na picha mbili zenye ukungu. Mwongo gani hajatamani bahati kama hiyo?

Aliyeimeza hadithi hiyo nzima ni mkewe, Everlyn. Aliolewa na mwimbaji, na huwaambia hivyo wenzake wa kanisani. Dalmas angeweza kuvumilia kuchekwa na Nairobi nzima, ila si na Everlyn.

Basi Jumamosi moja alikuwa dukani kwa Salme, au Mama Afnan, Mmombasa anayeuza vitambaa katikati ya mji, akikata pazia la mteja. Everlyn alikuwa amemletea chakula. Salme akashuka mbio ngazi za nyumbani kwake, juu ya duka.

"Fundi, tumekupata! Dada yangu alirekodi sherehe ya kupambwa kwangu juu ya kanda aliyonasia Makeke Boiz kwa TV. Kila ngoma ikikatika, vile vitoto vinachomoza!"

Mbaluka, fundi cherehani wa barazani ambaye hajawahi kumwamini Dalmas hata siku moja, akasimamisha mashine. "Leta tuone! Leo ndio leo."

"Uone nini? Humo mna mamangu na shangazi zangu wamevua mabuibui, wanacheza. Mwanamume hatii jicho. Na kwenye simu haiingii, msinizoee."

Dalmas nusura aikumbatie desturi ya Waswahili. Akavaa uso wa matanga. "Ni sawa tu, Mama Afnan. Heshima kwanza. Ila ningependa sana mnione."

Mdomo, jamani, mdomo!

"Si mimi nitaangalia?" Everlyn akasema, akiweka chini hotipoti. "Kwani mimi ni mwanamume?"

Wakapanda juu. Muda si muda, vicheko vikaanza kuporomoka ngazini. Dalmas akapima kitambaa, akakipima tena, kisha akakikata, na mtu wa Muthangari akajipatia pazia linaloishia magotini.

Everlyn alishuka akifuta machozi.

"Haya shemeji, sema ukweli," Mbaluka akamkabili. "Huyu msee aliimba, ama ametubeba ufala miaka yote hii?"

Everlyn akamtazama mumewe, akamtazama tena. Dalmas alitamani ardhi ipasuke.

"Ndiye mwimbaji," akasema. "Wa mbele kabisa."

Mbaluka akarudi kwenye mashine yake. Nyuma ya Everlyn, Salme alikuwa ameuma mtandio.

Jioni, nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri, Dalmas alipika chai bila kuambiwa. Akaimwaga nusu.

"Eve, mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Eti bwanangu ndiye yule msichana wa rinda la waridi anayezimia kila bendi ikifungua mdomo?"

"Walikosa msichana. Mimi ndiye nilikuwa mdogo. Niliogopa ukijua utaniona bure."

"Dalmas, wale wengine wote ni makelele matupu. Wewe peke yako ndiye ulinichekesha mpaka Mama Afnan akanishika." Akapokea kikombe. "Na hilo rinda lilikukaa."

Dalmas alimpenda mkewe siku hiyo kuliko siku ya harusi. Kuacha mazoea lakini ni kazi. Jumapili wageni walipojaa sebuleni, akajikuta ameegemea kiti, amekohoa kidogo.

"Sasa hapo zamani, nikiwa kwa TV..."

Everlyn akaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso, akayumba, akaanguka chali kwenye sofa, miguu juu. Wageni wakaruka kumpepea. Akafungua jicho moja tu, la kumtazama mumewe.

Dalmas akaimeza sentensi yake, akaenda kumletea maji.